Nani Yuko Miguuni?

Mchinjaji wetu hakuwa mtu wa kupeana mkono. Ukimnyooshea, alikupa kifundo cha mkono, kwa sababu vidole vyake vilikuwa na damu tangu alfajiri mpaka jua linapopanda juu ya mabati, na hata alipokwisha kunawa aliona aibu ya harufu. Wageni walidhani anaringa. Sisi tuliomzoea tulikishika kile kifundo, tukakitikisa, tukaendelea na shughuli zetu. Mimi nimekishika kwa miaka mingi kuliko ile niliyokaa na mume wangu.

Nauza supu. Machinjio yetu yako pembeni mwa mji wa Mpanda, njia ya kwenda Misunkumilo, pale nyumba zinapoanza kuachana na mahindi yanapoanza. Nanunua utumbo, kongoro na vichwa, napika hapo hapo, na makuli, wenye bucha na vijana wa bodaboda wanakunywa kabla mji haujaamka vizuri. Banda langu linatazamana na sakafu ya kuchinjia. Kwa hiyo nikisema namjua mtu huyu, sijahadithiwa. Nimemwona akiwa na hasira, akiwa na njaa, akiwa na homa, na nimemwona akilia mara moja tu.

Sitasema alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Hayo wanayajua watoto wake. Linalonihusu mimi ni moja. Mtu huyu alimlaza mdogo wangu wa kiume, tuliyelala naye tumbo moja, kwenye sakafu ile ile ya ng'ombe, akamwelekeza kibla, akamwekea kisu shingoni mbele ya watu. Mdogo wangu yuko hai, na mpaka leo anasema yule mzee ndiye aliyemwokoa. Mimi niliomba miaka yote iwe hivyo. Lakini siku ile mdogo wangu alikuwa amegeuzwa uso upande mmoja, na mimi nilikuwa nimesimama mbele. Nilimwona mzee midomo ikicheza.

Anayejua kazi ya kuchinja ameshanielewa. Asiyejua nitamweleza.

Ng'ombe alipoingizwa, jambo la kwanza lilikuwa maji. "Maji kwanza," alisema, kila siku, kama vile kuna mtu aliyewahi kusahau. Mnyama anywe, hata kama hataki, aloweshwe pua. Kisha kamba, kisha analazwa, anaelekezwa. Hapo mzee alipiga kelele ambayo mimi nilikuwa naisikia hata nikiwa nyumbani kwangu nimelala na malaria: "Nani yuko miguuni?" Makuli wajibu, mmoja mmoja, kila aliyeshika mguu na aliyeshika pembe, "Mimi!" Asipojibu mmoja, kisu hakishuki. Alikuwa na sababu. Zamani, kabla sijafika pale, kuli mmoja alijibu huku ameshika kwa mkono mmoja na mwingine umeshika sigara, na fahali akampiga kwato la mdomo. Taya lilivunjika vibaya, yule kijana akawa anakula uji kwa mrija mpaka alipohama mji.

Miguu ikishajibiwa, mzee aliinama. Midomo ikacheza kidogo, bila sauti, anasoma lile neno lao la kumtaja Mungu. Halafu mkono ukapita, na damu ikaruka. Mimi ni mtu wa kanisani, sikuwa najua neno lenyewe, ila nilijua utaratibu: midomo, halafu kisu. Sikuwahi kuona midomo ikicheza na kisu kisifuate.

Hasira zake zilikuwa nyepesi, na mkono ulikuwa mwepesi kuliko hasira. Mwenye bucha mmoja, mtu mnene wa maneno mengi, alivunja mkia wa ng'ombe aliyekataa kutembea. Ni kitu wanachofanya watu wengi, wanaukunja mpaka mfupa unalia, mnyama anaruka. Mzee aliusikia ule mlio. Aliacha alichokuwa anafanya, akaokota pembe iliyokuwa chini, akampiga nayo mwenye bucha mdomoni. Jino lilitoka likaangukia kwenye mfereji wa damu. Walilitafuta, kwa sababu yule baba alisema atalipeleka polisi kama ushahidi, lakini nani ataona jino kwenye mfereji wa machinjio? Akaenda polisi bila jino. Akarudi kesho yake, akachukua nyama yake kama kawaida, akinung'unika kwa ulimi unaopita kwenye pengo.

Nami alinipiga. Nilikuwa mgeni bado kwenye biashara, nikaona ini zuri, nikalitia kwenye beseni langu kabla bwana mifugo hajalikagua na kugonga muhuri. Mzee alinipiga ubapa wa kisu juu ya kiganja. Hakukata, ila mkono ulivimba nikashindwa kusonga ugali siku kadhaa.

"Ukiwapa watu ini lenye ugonjwa, wakifa, wataniuliza mimi, siyo wewe," alisema.

"Si ungesema tu, mzee?"

"Nimesema."

Nilimchukia kwa muda mrefu. Nilikuwa namtazama akipita na kanzu yake ya kazi, iliyokuwa nyeupe siku ya kununuliwa, nikawa natamani fahali ampige teke. Na fahali walimpiga, siyo kwa maombi yangu. Alikuwa na kovu la pembe kwenye ubavu, refu, la kupinda, na kidole cha pete kilikuwa hakikunjiki. Aliposimulia kovu lile alicheka. Aliposimulia kile kidole hakucheka, maana hicho kilivunjwa na binadamu, kwenye drafti.

Hapo kwenye drafti ndipo ungejua kwamba mtu huyu alikuwa na raha zake, na kwamba raha zenyewe nazo zilikuwa hatari kwa majirani. Mchana, kazi ikiisha, alioga maji ya moto yenye majani ya mchaichai, binti yake aliyachemsha kwenye sufuria kubwa. Alioga kwa muda mrefu, akipiga miluzi, mpaka watu wa nyumba ya pili walikuwa wanajua muda kwa miluzi ile. Akitoka, anavaa msuli safi na fulana iliyopigwa pasi. Fulana ya kukaa nayo nyumbani, imepigwa pasi! Anakaa nyuma ya nyumba na redio ndogo, na anachosikiliza ni matangazo ya vifo. Muziki hautaki, siasa haitaki. Akisikia mtu amefariki huko asikokujua, anasema "Pole yake," anatia kipande cha kiazi kwenye asali, anakula.

Asali ilikuwa ugonjwa wake. Asali yetu ya misituni huku, ile nyeusi inayowasha koo, waliirina watu wengi lakini yeye alikuwa na mtu wake mmoja wa Inyonga, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa chupa. Mjukuu aliigusa mara moja. Sitaki kusema alichapwa vipi. Binti yake, mama wa yule mtoto, alichukua watoto akahamia kwa shangazi yake kwa muda, na mzee akabaki peke yake na chupa yake, anakula asali na kiazi na vifo vya watu, na nadhani ilikuwa chungu. Baadaye alimfuata binti kwa miguu, amebeba chupa nzima, akaiweka mbele ya yule mtoto, akarudi bila kusema kitu. Binti alirudi. Mtoto hakuipenda asali tena.

Kwenye drafti alikuwa mwizi. Vifuniko vya soda vilikuwa vikitembea vyenyewe ukigeuza macho. Ukimwambia umehamisha, anageuza ubao. Ukigeuza na wewe, mnapigana, wazee wazima, mpaka vumbi linapanda, na wake wanaitwa. Kidole kilivunjika hivyo, kimenaswa kwenye mkono wa rafiki yake fundi baiskeli. Kesho yake walikaa tena mezani pale pale, kidole kimefungwa kitambaa na kijiti, wanacheza. Nilimuuliza fundi baiskeli kwa nini anaendelea kucheza na mtu kama yule. Akasema, "Nitacheza na nani? Wengine wote wanaogopa." Niliona ni jibu la kijinga, na sasa naona lilikuwa jibu lenyewe hasa.

Basi, siku ya mdogo wangu.

Mdogo wangu alikuwa anachunga kwa watu huko upande wa Usevya, kwa wafugaji waliotoka kaskazini na mifugo yao. Kazi ilipoisha akawa anapata vibarua vya kuswaga ng'ombe kuja mjini. Mtu anampa ng'ombe, anampa karatasi ya kibali, anamwambia peleka machinjioni, fulani atapokea. Jumamosi moja alileta ng'ombe jike mwekundu, mzuri, akasema ametumwa na mtu aliyekutana naye njiani. Karatasi ilikuwepo. Bwana mifugo aliiona, mwenye bucha yule mnene akanunua, mzee akauliza nani yuko miguuni, akachinja. Mimi nikanunua kichwa. Mdogo wangu akakaa kwenye benchi langu, nikampa supu na chapati, anakula kwa furaha kwa sababu alikuwa ametembea njia nzima na njaa.

Mwenye ng'ombe alifika akiwa amefuata alama za kwato. Alikuwa Msukuma mtu mzima, mrefu, fimbo begani, na vijana wake nyuma. Hakuuliza mtu. Alitembea moja kwa moja kwenye beseni langu, akakiangalia kile kichwa, akakigeuza sikio. Sikio lilikuwa limekatwa ncha, na juu yake kidogo kuna tundu.

"Hii ng'ombe yangu," alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Hii nilimkata mimi sikio, akiwa ndama. Nani ameleta ng'ombe yangu?"

Kuli mmoja alinyoosha kidole kwenye benchi langu.

Sijui kama mmewahi kuona watu wanavyobadilika. Wateja wangu, watu waliokuwa wananitania habari ya chumvi, waliweka bakuli chini wakamshika mdogo wangu shati. Ngumi ya kwanza ilimkuta mdomo bado una chapati. Alianguka nyuma ya benchi, wakamvuta miguu mpaka uwanjani, mateke, fimbo za wale vijana, mawe. Nilisikia mbavu. Mtu anaweza kusikia mbavu za ndugu yake zikivunjika akajua ni mbavu. Alikuwa anasema, "Nimetumwa, nimetumwa jamani," halafu maneno yakaisha ikabaki pumzi. Nilikwenda na mwiko, nikampiga mtu kichwani, sijui nani. Mama wa chapati na mama wa vitumbua walinikamata kiunoni wakanivuta. "Watakuua na wewe, Mama Supu, tulia!" Mtu akapiga kelele tairi. Mwingine, petroli, kuna bodaboda hapa, toeni petroli. Na nilimwona kijana wa bodaboda, mteja wangu wa kila siku, anainama kwenye tenki la pikipiki yake na chupa ya maji.

Hapo mzee alitoka kwenye banda lake la kunawia. Alikuwa ananawa, mikono ilikuwa inachuruzika. Alikuwa amesikia kila kitu. Na uso wake, jamani, sijawahi kuuona vile hata alipopiga mtu. Ulikuwa umetulia.

"Nyie mnapoteza petroli," alisema. "Mwizi wa ng'ombe ni kazi yangu. Mleteni."

Watu walishangilia. Walishangilia kweli, kama mpira umeingia golini. Wakambeba mdogo wangu, wakamtupa juu ya sakafu ya kuchinjia, kwenye damu ya yule yule ng'ombe mwekundu, bado haijaoshwa. Mimi nililia mpaka sauti ikakatika.

"Maji kwanza," mzee alisema. Akachukua kopo mwenyewe, akampa mdogo wangu, akamshika kisogo ili anywe. Maji yalitoka na damu. Kisha akamlaza ubavu, akamgeuza aelekee kibla, akampangusa shingo kwa maji kwa kiganja, pole pole, akichomoa mchanga uliokuwa umeganda. Akachukua kisu kirefu. Akapiga goti.

"Nani yuko miguuni?"

Mwenye ng'ombe alikwenda akashika mguu mmoja. Yule mwenye bucha, ambaye nyama aliyokuwa ameinunua ilikuwa inamponyoka, akashika mwingine. "Mimi," alisema, kwa pengo lake.

"Nani yuko mikononi?"

Hakuna aliyesogea. Mzee aliinua kichwa akawatazama watu, mmoja mmoja, akawaita kwa majina yao. Wewe, fulani. Wewe uliyepiga jiwe, njoo ushike mkono wa kulia. Wewe wa petroli, njoo kichwani, huwa ni rahisi, shika tu nywele. Yule wa bodaboda alirudi nyuma mpaka akagonga pikipiki yake. Mwingine akasema yeye hajui kazi hiyo. Mwingine akasema, "Mzee, mimi nimekuja kunywa supu tu." Na nilikuwa namtazama mzee, siyo wao. Aliinama. Kisu kilikuwa juu ya shingo kimegusa ngozi. Na midomo ikacheza.

Sijui alikaa hivyo muda gani. Mwenye bucha ndiye aliyeachia kwanza. Alisimama, akajipangusa mikono kwenye suruali, akasema, "Mzee, acha. Mzee, basi." Mwenye ng'ombe alibaki ameshika, halafu akaachia, akakaa chini, akaanza kulia, akimtaja yule ng'ombe kwa jina lake, maana alikuwa na jina. Ndipo watu wote wakaanza kusema acha, acha mzee, baba usifanye hivyo, ni mtu huyo. Watu wale wale! Mzee alibaki amepiga goti kwa muda. Kisha akainuka, akaosha kisu ambacho hakikuwa na damu mpya, akaingia bandani. Mimi nilimrukia mdogo wangu. Nilipopata akili ya kutazama, nilimwona mzee kupitia mlango wa banda, ameegemea ukuta, analia.

Polisi walimchukua mdogo wangu, wakampeleka kwanza hospitali. Baadaye aliyemtuma alikamatwa na ng'ombe wengine wa watu, ikajulikana mdogo wangu alidanganywa. Alipopona alipanda treni ya Kaliua, hakutaka kuishi tena mahali ambapo kila mtu ameona ulimi wake nje kama wa ng'ombe. Sasa yuko Tabora, anaendesha bajaji. Anaogopa kunyolewa kidevu na kinyozi, ananyoa mwenyewe. Lakini kila Idi anamtumia mzee sukari na kitambaa cha kanzu, na akinipigia simu neno la kwanza ni, "Msalimie baba." Baba, anamwita. Baba yetu alikufa tukiwa wadogo, na nadhani alikuwa anatafuta wa kumwita hivyo.

Nami nikaanza kumpelekea mzee supu nyumbani, kila Ijumaa, kongoro lililoiva mpaka linaachia mfupa. Alikuwa anaipenda kwa pilipili kichaa. Anatafuna, jasho linatoka kwenye upara, kamasi zinachuruzika, anasema "Ala! Ala!" kama mtu anayepigwa, na nilikuwa nafurahi kumtazama. Watu wa pale machinjioni niliwauzia supu kwa sababu lazima nile. Yule wa bodaboda, yule mwenye bucha, wote waliorusha jiwe, niliwapa bakuli bila kuwatazama usoni, na salamu zao niliziitikia nusu. Moyoni nilikuwa na mtu mmoja tu wa kumshukuru. Na kila nilipomshukuru, niliikumbuka ile midomo, nikajiambia huenda alikuwa anaomba Mungu tu. Mtu si anaweza kuomba?

Mkono wake ulianza kutetemeka miaka ya karibuni. Alificha. Alikuwa anaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto wakati wa kunoa kisu, na makuli wakajifanya hawaoni. Siku ya mwisho wa kazi yake, fahali mweusi wa mtu alilazwa, miguu ikajibiwa, mzee akasoma, mkono ukapita, lakini haukupita wote. Fahali aliinuka. Aliwatupa makuli kama takataka, akatoka nje shingo imefunguka nusu, damu inaruka pembeni na pumzi inalia kwenye lile jeraha. Alipita katikati ya mama wauza mboga, akakanyaga nyanya, akambamiza mama mmoja kwenye nguzo akamvunja mkono, akazunguka, akarudi, akaangusha sufuria langu la supu juu ya moto. Mzee alikuwa anamkimbilia nyuma na kisu, anaanguka, anainuka. Fahali alipopiga magoti, mzee alimkuta akamaliza, kwa mikono miwili, kama mtu anayekata mti. Ile nyama ilizikwa, maana haikuwa halali tena. Mzee aliacha kisu pale pale shimoni, udongo ukafukiwa juu yake, hakurudi tena machinjioni.

Mwezi uliopita mdogo wangu alinipigia. Amepata mtoto wa kiume. Anakuja na treni, na anataka mzee ampakate mtoto na kumwombea dua kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilisema vizuri sana. Kisha nikakosa raha. Nilipika kongoro ingawa haikuwa Ijumaa, nikaenda.

Alikuwa amekaa nyuma ya nyumba, redio imezimwa, amekonda, fulana bado imepigwa pasi. Nilimpa shikamoo, akanipa kifundo. Nikammiminia supu, akalishika bakuli kwa mikono miwili, na supu ilikuwa inaruka juu ya msuli wake. Nikamweleza habari ya mtoto. Alifurahi. Nikaona nisipouliza leo sitauliza tena.

"Mzee, siku ile ya mdogo wangu. Midomo yako ilicheza."

Hakujifanya hakuelewa. "Ndiyo."

"Ulikuwa unaomba?"

"Nilikuwa nasoma."

"Unasoma nini?"

"Unajua ninachosomaga, Mama Supu. Nilimtaja Mungu juu ya ng'ombe wa wizi asubuhi ile. Mimi, miaka yangu yote sijawahi. Nikamwona aliyeniletea. Nikasema na huyu nimsomee." Alikunywa kidogo, ikamwagika. "Nilishamaliza kusoma. Ilibaki mikono na kichwa."

"Yaani wangeshika?"

"Wangeshika ningechinja. Mimi sichinji kitu ambacho hakijashikwa. Nilikaa pale nawangoja. Yule mwenye bucha alipoachia nilimtukana moyoni."

"Kwa nini hukuniambia miaka yote hii? Nimekuletea supu, mzee! Kijana anakuita baba!"

Alinitazama, na nadhani aliona aibu, lakini hakudanganya hata hapo. "Supu yako tamu," alisema. "Ningekwambia, ungeleta?"

Nilisimama nikamnyang'anya bakuli. Lilikuwa bado na nusu. Nilitaka kuimwaga, kweli, nilitaka kuimwaga kichwani kwake, juu ya ule upara. Naye, kwa sababu siku hizi binti yake ndiye anayemlisha, aliliona bakuli mkononi mwangu, akafungua mdomo, akasubiri.

Nikatafuta kijiko. Nilimlisha mpaka ikaisha, nikimchukia, na nikimpangusa kidevu.

Nilipofika mlangoni aliniita. "Mtoto mlete," alisema. "Usiogope. Siku hizi hata mkishika miguu nyie wote, mkono hauwezi."

Treni ilichelewa kama kawaida yake. Mdogo wangu aliteremka na mkewe, mtoto amefunikwa kitenge, na mfuko wa sukari begani. Kabla hata hatujatoka stesheni akauliza kama tunaenda kwa baba moja kwa moja.

"Tutafika," nilimwambia. "Nitakueleza mengine tukiwa njiani. Lakini kwanza tunapita machinjioni, wapo bado muda huu. Kuna mwenye bucha mmoja, na kijana mmoja wa bodaboda, na wengine wengi. Nataka hao ndio wampakate mtoto kwanza."

Alisimama pale pale, mkono umekwenda shingoni wenyewe. "Wale? Wale walitaka kunichoma, dada."

"Walitaka," nikasema. "Halafu wakaitwa kwa majina yao waje wakushike, wakakataa, na aliyekuwa ameshika akaachia."

Watu walikuwa wanatupita na mizigo yao. Mdogo wangu akamchukua mtoto mikononi mwa mama yake, akamweka kifuani, akanifuata.